Kipindi cha Vyombo na Mguu wa Mama Mkwe

Mimi si mtu wa televisheni. Nasema mapema, asije mtu akadhani haya ni maneno ya shabiki. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha ya chuma kando ya barabara ya Nairobi, hapa Nyamasaria, na mtu aliyeshinda akitazama cheche tangu asubuhi hana hamu ya kurudi nyumbani akatazame mwanga mwingine. Televisheni ilikuwa ya mke wangu. Yeye huuza samaki wa kukaanga kule Dunga, na aliinunua ili binti yetu, akitoka chekechea, atulie ndani huku jirani akimtupia jicho, badala ya kuzurura kwenye barabara ya malori. Hoja hiyo sikuweza kuipinga. Nilichoweza ni kulalamika tu, na nililalamika kwa bidii.

Mtoto alikuwa na miaka mitano. Kila siku saa kumi jioni kulikuwa na kipindi cha vikaragosi, na vikaragosi wenyewe walikuwa vyombo vya jikoni vilivyoshonwa kwa kitambaa. Kulikuwa na Sufuria mwenye tumbo kubwa na busara nyingi, Mwiko mrefu mwenye maringo, Kijiko mdogo ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza maswali, na Jiko wa makaa, ambaye siku hizo hakuwa na mambo mengi. Alikaa tu pembeni akitoa moshi. Binti yetu alikiita kipindi cha vyombo, na sisi sote tukakiita hivyo.

Vyombo hivyo viliongea Kiswahili cha vitabuni. Hapa Kisumu sisi tunaongea Dholuo, na Kiswahili tunakivuta pale kinapohitajika, na kikivunjika hatukiombi msamaha. Basi jioni moja mtoto ananyoosha sahani yake na kusema, "Mama, tafadhali niongezee mchuzi, nitashukuru sana." Mke wangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi nikamwambia mtoto, "Wewe leta sahani bwana, hapa si bungeni." Akanijibu kwamba si vyema kumkatiza mtu anapozungumza. Nikamwongezea mchuzi. Ningefanya nini?

Mchuzi haukuwa na shida. Shida ilikuwa kukumbatiana. Kila kipindi kiliisha namna moja: Sufuria amegombana na Mwiko, Kijiko amewauliza maswali mpaka wameona aibu, halafu wote wanakumbatiana na taa zinazimwa. Mtoto akatoa sheria kwamba hata kwetu chakula cha jioni hakiliwi mpaka watu wakumbatiane. Mimi na mke wangu tumeoana kanisani na tunapendana, lakini kukumbatiana saa kumi na mbili jioni, mlango wazi, jirani anaanua nguo zake na kutazama? Jameni! Jirani alikuwa mama mmoja mwenye sauti, akauliza kwa nguvu, "Kwani leo ni arusi?" Nilimkumbatia mke wangu jinsi ninavyopima fremu ya mlango, haraka na mikono imenyooka. Mtoto alisema haikuhesabika, nikarudia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mama mkwe wangu alipokuja.

Kwetu Waluo mama mkwe, yaani maro, anaheshimiwa kwa namna yake peke yake. Mwanamume hampi mkono mama wa mke wake. Haketi naye meza moja, hamkodolei macho usoni, na mama huyo halali chini ya paa la mkwe wake. Wanaolishika jambo hili huamini kwamba anayelivunja anaitia nyumba yake chira, laana ile inayomkondesha mtu polepole, na kwamba mara nyingi inaanza na watoto. Najua wengi wameacha. Nimeona vijana wa mjini wakiwakumbatia mama wakwe zao kwenye sherehe na kupigwa picha, na mpaka leo sijasikia amekonda mtu. Siwahukumu. Lakini mama mkwe wangu hakuwa wa kundi hilo, na ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa. Baba yangu alimsalimia mama mkwe wake kwa mbali mpaka siku alipomzika. Nilikulia katika hilo na sikuona limekosa nini.

Kwa hiyo kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimsalimia mama huyo nikitazama chini. Ungeniuliza uso wake ukoje, ningekwambia nadhani unafanana na wa mke wangu. Miguu yake ndiyo niliyoijua. Ilikuwa miguu mipana, vidole vimeachana, visigino vimekauka kwa mchanga na chumvi ya omena, wale dagaa wa ziwani, maana kazi yake huko Uyoma ilikuwa kuanika omena ufuoni. Alisimama imara. Nilipokwenda kupeleka posa, miguu hiyo ilisimama mlangoni mwa nyumba yake muda mrefu bila kusogea, nami nilijua ananipima.

Siku aliposhuka kwenye gari hapa kwetu niliona mguu kabla ya kitu kingine chochote. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sukari ilikuwa imemfanya asisikie vizuri nyayoni. Alikuwa amekanyaga kipande cha kombe ufuoni akatembea nacho, akaanika omena nacho, mpaka harufu ndiyo ikamwambia kwamba kuna kidonda.

Mke wangu alimpeleka hospitali. Aliporudi alinikuta karakana, akanieleza amesimama, mkoba bado begani. Daktari amesema mguu unaweza kupona. Lakini lazima mama akae mjini, afungwe dawa mara kwa mara na mtu anayejua, sukari ipimwe, mguu uinuliwe, asitembee ovyo. Hilo lingechukua miezi. Akirudi nyumbani na kidonda kile, watamwona tena siku ya kuukata.

"Basi akae," nikasema.

"Akae wapi?" akauliza mke wangu, na machozi yakamtoka.

Ni swali la haki. Nyumba yetu ni sebule na chumba kimoja, pazia katikati. Hata ingekuwa na vyumba kumi, asingelala humo. Tulimpangia chumba cha mabati kwenye ploti ya jirani, mageti mawili kutoka kwetu, nikapiga chuma kipya mlangoni asubuhi moja wakati yeye yuko kliniki. Akakubali kulala huko. Mchana, nikiwa kazini, ilikuwa ruhusa kwake kuja kwetu kukaa na mjukuu wake. Nami nikirudi, awe ameshaondoka.

Ndipo nilipoanza kukohoa getini kwangu mwenyewe. Kila jioni nilifika, nikasimama nje ya geti nililolitengeneza kwa mikono yangu, nikakohoa. Ndani husikia, mama huchukua fimbo yake, hupitia mlango wa nyuma, mimi huingia kwa mlango wa mbele. Jirani mwenye sauti alinifuata siku moja na uso wa huruma. "Baba, hiyo kikohozi umeenda nayo hospitali?" Nikamwambia ni kikohozi cha ukwe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Siku zingine mtoto alichungulia getini na kuniambia kwa Kiswahili chake safi, "Baba, tafadhali rudi ukohoe tena. Dani bado hajavaa kiatu." Dani ndiye bibi. Nami mtu mzima, mwenye ndevu, ninarudi barabarani kusubiri.

Nikiingia, kochi lilikuwa na joto. Kigoda cha kuinulia mguu kilikuwa mbele ya televisheni. Kwa maana mama huyo, ambaye maisha yake yote hakuwa na televisheni, alikuwa ameingia katika kipindi cha vyombo mzima mzima. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuza na kununua, hivyo mtoto alimtafsiria, na yeye akabishana na vyombo kwa Dholuo. Mke wangu alinisimulia tukila. Mama amemwambia Mwiko kwamba mtu mwenye maringo hivyo hapewi watu wa kuwapakulia. Mama amesema Jiko halipati hewa ya kutosha, ndiyo maana linatoa moshi, aliyelishona hajawahi kupika. Nilijikuta namngojea mke wangu asimulie. Sikumwambia hivyo.

Kidonda kilianza kukauka pembeni. Muuguzi alifurahi. Mke wangu akaanza tena kuimba akipara samaki, jambo ambalo sikuwa nimeligundua kuwa limekoma.

Halafu ikaja Jumapili ile. Tulikuwa tumetoka kanisani, na siku ya Jumapili heshima hulegea kidogo kwa sababu watu wako uani na uani hakuna paa. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni, mguu juu ya kigoda. Nilimsalimia kwa mbali nikitazama chini, akaitikia. Jirani alikuwepo na wageni wake. Ilikuwa Jumapili nzuri, na mimi nilikuwa nimesimama pale nawaza chakula.

Mtoto alinishika mkono. Nilidhani anataka kunionyesha kitu. Alinivuta hatua chache, na kabla sijaelewa, mkono wake mwingine ulikuwa umeshika leso ya bibi yake, anatuvuta sote wawili kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele, "Leo tuko wote! Dani ni mgonjwa! Kumbatianeni!"

Mama aliruka. Alisahau mguu, alisahau fimbo, aliinuka na kurudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto, na mguu wa kulia ukagonga ukingo wa ngazi ya saruji. Niliusikia ule mgongano. Kisha nikaona damu ikipita kwenye bendeji. Alijifunga leso upya na kuondoka kuelekea chumbani kwake akichechemea, bila fimbo, wageni wa jirani wakitazama. Mke wangu alimkimbilia.

Nilikasirika mno. Niliingia ndani nikachomoa televisheni kwenye stima, nikaibeba mikononi mpaka karakana, nikaiweka juu ya rafu katikati ya vipande vya chuma. Nilirudi na maneno yangu tayari. "Mtoto wetu analelewa na watu wa vitambaa," nikamwambia mke wangu. "Wao hawana mama mkwe. Hawana kwao. Wakizimiwa taa wanatiwa kwenye sanduku. Watajua nini?" Mtoto alikuwa chini ya meza analia, na hata kulia kwake kulikuwa na adabu, anafuta kamasi kwa kitambaa.

Kesho yake muuguzi alifungua bendeji akaguna. Kidonda kilikuwa kimefunguka chote, kama vile wiki zote zile hazikuwepo. Akawaambia itabidi waanze mwanzo, na mwanzo huu ni mbaya kuliko ule wa kwanza.

Mama akasema haanzi. Anarudi kwake Uyoma. Kulikuwa na pikapu ya mtu wa kwao iliyoleta omena mjini kila wiki, ingemchukua ikirudi. Mke wangu alimpigia magoti, sisemi kwa mfano, magoti kabisa kwenye sakafu ya chumba kile. Alimkumbusha kuhusu kukatwa. Mama akamjibu, na maneno hayo mke wangu alinirudishia usiku uleule akiwa amekauka macho: "Mguu ni wangu. Mtoto ni wetu sote. Nikikaa hapa atatusukuma tena, siku moja atafaulu, na chira haitanifuata mimi niliyezeeka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimedhani ni aibu, mbele ya wageni, na aibu ingepita. Kumbe mama huyo alikuwa anautoa mguu wake ili mjukuu asikonde. Hakukuwa na daktari wa kubishana na hesabu hiyo, wala mhubiri. Iliniuma. Nilimwonea uchungu mama ambaye sikuwa nimewahi kumtazama machoni, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Njia niliyoipata ilikuwa ndogo. Siku moja kabla ya pikapu kuja, nilifunga kazi mapema, nikaiteremsha televisheni kutoka kwenye rafu, nikaipuliza vumbi la chuma. Niliibeba mpaka ploti ya jirani. Nilikohoa. Nikaiweka kwenye kizingiti cha chumba chake pamoja na antena na king'amuzi chake, nikageuka nikaondoka. Niliwaza kwamba kama anaondoka, basi angalau saa kumi hiyo ya mwisho aione pamoja na mtoto. Mke wangu aliiunganisha.

Sikujua ilichoonyesha jioni ile. Mtoto alirudi usiku akiwa kimya, mwenye mawazo, akala bila kudai kukumbatiwa. Nilidhani ni huzuni.

Asubuhi, wakiwa njiani kwenda shule, walipitia karakana yangu. Mbele ya karakana nimepaka mstari mweupe chini. Binti yangu amefundishwa tangu ajue kutembea kwamba baba akiwa anachomelea, mstari huo hauvukwi, kwa sababu ya cheche. Alisimama kwenye mstari, vidole vya viatu vikiugusa, mama yake nyuma yake. Nilizima mashine, nikainua ngao ya uso.

"Baba," akasema, "wewe ni Jiko."

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Nimejua mwenyewe." Akanieleza. Jana Jiko amelia. Kila siku wenzake wanakumbatiana naye anaachwa pembeni, akauliza kama hawampendi. Kijiko akaenda kumkumbatia, akaungua mkono. Wote wakaogopa. Sufuria akafikiri, kisha akawapanga mstari, mbali kidogo, wakamgeukia Jiko, na kila mmoja akajikumbatia mwenyewe, kwa nguvu, akimtazama yeye. "Na Jiko akasikia," mtoto akasema.

"Atasikiaje na hakuguswa?"

"Alisikia tu, baba. Si walikuwa wamemgeukia yeye?"

Nikamwuliza Dani alisema nini. Hilo ndilo nililotaka kujua.

"Nilimwambia asiogope. Nilidhani yeye ndiye haguswi, kumbe ni wewe. Wewe una moto. Mimi sitamsukuma tena, na mtu mwingine akimsukuma nitamwambia kuna mstari." Akafikiri kidogo. "Dani akasema huyo Sufuria amelelewa vizuri."

Kisha pale pale kwenye mstari, na begi lake la shule mgongoni, alijikumbatia akinitazama. Alifumba mdomo kwa nguvu aliyokuwa akiitia. Malori yalikuwa yanapita nyuma yake. Nilishusha ngao ya uso ingawa mashine ilikuwa imezimwa, nikajifanya natafuta kitu chini.

Pikapu ilikuja. Mke wangu alikuwa amemfungia mama mizigo yake na hakwenda Dunga siku hiyo. Mama alimwambia dereva aende, watazungumza wiki ijayo. Wiki iliyofuata alimwambia vilevile. Hakutoa sababu, na mke wangu, ambaye ana akili kuliko mimi, hakuuliza. Alifungua mizigo kimyakimya, kitambaa kimoja kimoja, na asubuhi yake wakaenda kliniki.

Ilichukua miezi, kama daktari alivyosema. Televisheni ilibaki kwa mama, mimi sikuidai. Kikohozi changu kilikoma kwa sababu sasa mtoto ndiye aliyekuwa akienda kwake jioni. Lakini Jumapili uani mtoto alisimamia mstari. Aliuchora kwa mkaa kwenye saruji, bibi upande ule, mimi upande huu, na mgeni yeyote aliyeukanyaga alisomewa sheria. Jirani mwenye sauti alisomewa mara nyingi. "Huyu mtoto ni mzee wa ukoo ama ni nini?" akauliza. Sikuwahi kuona mama mkwe ametulia uani kwangu namna ile. Alinyoosha mguu wake juu ya kigoda akamenya njugu, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumlinda. Mila ambayo mimi sikuwa nimeweza kumweleza binti yangu kwa maneno yoyote, alikuwa amefundishwa na jiko la kitambaa lililoshonwa na mtu ambaye pengine hajui hata kwetu ni wapi.

Siku hizi watu wakikaa kanisani baada ya ibada na kuanza kujadili kwamba televisheni inaharibu watoto, mimi natafuta kofia yangu naondoka. Sina la kuongeza upande wowote.

Kidonda kilifunga. Muuguzi alimwambia mama aende nyumbani, avae viatu kila wakati, asitembee peku tena ufuoni. Siku ya kuondoka tulikuwa sote uani, gari limesimama nje na mlango wake wazi. Mimi nilikuwa getini, mahali pangu, nikitazama chini. Mtoto alitangaza kwamba kipindi hakijaisha.

Basi wakakumbatiana. Niliona miguu: ya mke wangu na ya mama, vidole kwa vidole, muda mrefu. Kisha viatu vya mtoto vikaning'inia hewani, amebebwa. Vikarudi chini.

"Na Jiko je?" mtoto akauliza.

Nilidhani mama ataingia garini, na ningemwelewa. Kisha nikaiona fimbo ikitoka mkononi mwake na kuegemezwa ukutani. Ile miguu mipana ikageuka polepole ikanielekea. Yote miwili ilikuwa kwenye viatu vipya vya kufungwa, kovu jekundu likichungulia kwenye ule wa kulia. Ikasimama sambamba, imara, bila kushikwa na mtu, kama ilivyosimama mlangoni siku ile ya posa. Ikakaa hivyo. Haikusogea.

Niliinua macho. Kwa miaka yote ile, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa amejikumbatia kwa mikono yote miwili, leso imekunjamana, vidole vimezama mabegani. Macho alikuwa ameyafumba, ili nisikutane nayo. Uso wake haufanani na wa mke wangu. Unafanana na wa binti yangu.

Nilikuwa nimeshika ufunguo wa geti. Niliuweka mfukoni, na mbele ya jirani na dereva na mtu yeyote aliyekuwa akipita njia, nikajikumbatia. Nilifumba macho pia. Nilipoyafumbua alikuwa ameshaketi garini, fimbo magotini, anatazama mbele.

Gari likaondoka. Mtoto akanijia, akasimama karibu, akanitazama kwa makini jinsi muuguzi alivyokuwa akiutazama ule mguu.

"Baba, ulisikia?"

"Nilisikia," nikamwambia.